Shajara ya mradi: kuhamia OpenSSL 3 bila kuwakatia mawakala mawasiliano

Jumatatu

Kazi yenyewe ni hii. Tuna seva iliyoandikwa kwa C inayopokea data kutoka kwa mawakala, yaani programu ndogo zilizotapakaa kwenye mashine nyingi. Kila upande unamwonyesha mwenzake cheti, yaani hati ya kidijitali ya utambulisho: wakala anaihakiki seva, na seva nayo inamhakiki wakala. Yote hayo yanapitia maktaba ya OpenSSL, inayosimba mawasiliano kwa itifaki ya TLS. Tunatumia 1.1.1, toleo lililotoka Septemba 2018 na ambalo matunzo yake ya bure yalikoma tarehe 11 Septemba 2023. Nimerithi msimbo huu na lengo ni mawili: kuhamia mfululizo wa 3, kisha kuwezesha vyeti kubadilishwa seva ikiwa hewani.

Leo nimekompaili tu nione nini kitalalamika. Maonyo yametiririka: `SHA256_Init`, `HMAC_Init_ex`, `RSA_public_encrypt`, `EC_KEY_new_by_curve_name`. Zote bado zinafanya kazi, ila zimetangazwa kuwa zimepitwa na wakati tangu 3.0. Ipo njia ya mkato ya kumnyamazisha kompaila kwa `-Wno-deprecated-declarations`, na kwenye Makefile mtu alishaiandika akaiwekea alama ya maoni mbele. Nimeifuta kabisa isije ikamshawishi mwingine. Heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data) zimehamia `EVP_DigestInit_ex`, HMAC (heshi yenye ufunguo wa siri) imehamia `EVP_MAC`.

Jambo moja la kasi: ukipitisha `EVP_sha256()` kila mara, maktaba ya 3 inakwenda kutafuta utekelezaji wake kwa provaida (moduli inayobeba algoriti) kila mara. Kwenye kitanzi kinachokokotoa heshi ya kila ujumbe unaoingia, hilo linaonekana kwenye vipimo. Tunaita `EVP_MD_fetch` mara moja programu inapoamka na kuitunza pointa.

Jumanne

Mawakala wa zamani wanatunza cheti na ufunguo binafsi ndani ya faili moja la PKCS#12, chombo kinachofungwa kwa nywila. Nimelifungua faili hilo kwa maktaba mpya, na jibu ni hili:

`error:0308010C:digital envelope routines:inner_evp_generic_fetch:unsupported: ... Algorithm (RC2-40-CBC : 0), Properties ()`

Mwenzangu wa upande wa mawakala alishaanza kutafuta nywila nyingine akidhani aliyonayo si yenyewe. Nywila haina neno. Tazama jina lililo kwenye mabano: RC2 ya biti 40. Zana ya zamani ya `openssl pkcs12` ilikuwa inasimba vyeti kwa RC2-40 na ufunguo kwa 3DES bila kumuuliza mtu. Kwenye 3.0 algoriti dhaifu kama RC2, RC4 na MD4 zimetengwa kwenye provaida iitwayo `legacy`, na hiyo haipakiwi mpaka uiombe.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kuipakia ndani ya programu kwa `OSSL_PROVIDER_load(NULL, "legacy")`. Ukienda huko kumbuka kupakia na `"default"` kwa mkono, maana ukishapakia provaida yoyote waziwazi, ile ya kawaida haiji yenyewe. Utafungua faili lako la zamani halafu ukose AES. Ya pili ni kuyabadili mafaili mara moja na kuachana nayo. Nimechagua ya pili, kwa sababu provaida ya `legacy` ikishaingia kwenye seva haitoki tena:

`openssl pkcs12 -legacy -in zamani.p12 -noenc -out muda.pem`
`openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out mpya.p12`

Amri ya pili kwenye toleo la 3 inasimba kwa AES-256-CBC pasipo kuambiwa. Angalizo ni kwamba `muda.pem` lina ufunguo binafsi uchi. Hati yetu inaweka `umask 077`, inaandika faili hilo kwenye saraka iliyo ndani ya RAM na kulifuta hapohapo.

Jumatano

Seva ya majaribio imekataa kupakia cheti chake: `ee key too small`. Kumbe vyeti vya majaribio vilitengenezwa zamani kwa ufunguo wa RSA wa biti 1024. Kinachokataa ni kiwango cha usalama cha maktaba. Kiwango cha 2 hakikubali RSA iliyo chini ya biti 2048. OpenSSL yenyewe ilianza kutumia kiwango cha 2 kama chaguo-msingi kuanzia 3.2, lakini msambazaji wa mfumo wa uendeshaji anaweza kukipandisha mapema, ndiyo maana programu ileile inapita kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine.

Ushauri uliozagaa kila mahali ni kuandika `@SECLEVEL=0` kwenye orodha ya saifa (algoriti za kusimba). Inafanya kazi, ila ukishuka huko hujaruhusu ufunguo mfupi peke yake. Umeruhusu na saini za SHA-1, na TLS 1.0 nayo inapata mlango wa kurudi. Kutengeneza vyeti vipya vya majaribio ni kazi ya dakika chache, basi nimevitengeneza.

Hapo ndipo jambo la pili lilipojitokeza. Ombi la cheti lilikuwa na majina yote ya seva kwenye sehemu ya `subjectAltName`. Cheti kilichotoka hakina hata moja. Ukisaini ombi kwa `openssl x509 -req`, viendelezi (sehemu za ziada kama hiyo ya `subjectAltName`) vilivyo ndani ya ombi havihamishwi kwenye cheti. Hakuna onyo wala kosa. Amri inamaliza kwa furaha. Tangu 3.0 lipo chaguo la `-copy_extensions copy`, nami silipendi kwa mamlaka ya vyeti (anayesaini vyeti), kwa sababu mwombaji naye anaweza kuwa ameandika `CA:TRUE` (ruhusa ya kusaini vyeti vya wengine) kwenye ombi lake ukamsainia bila kujua. Tunaandika viendelezi wenyewe kwenye faili na kulipitisha kwa `-extfile`. Baada ya kila cheti kutoka, hati inaendesha:

`openssl x509 -in seva.pem -noout -ext subjectAltName`

na ikikuta patupu inasimama.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba majaribio yetu yasingelikamata. Cheti kisipokuwa na jina la DNS kwenye `subjectAltName`, `X509_check_host` inarudi kutazama jina la kawaida, ile `CN`, na kukubali. Vivinjari havina huruma hiyo; Chrome iliacha kutazama `CN` tangu toleo la 58 mwaka 2017. Kwa hiyo mawakala wetu wangeunganishwa vizuri, na ukurasa wa usimamizi ulio kwenye seva hiyohiyo ungekataliwa.

Alhamisi

Wakala aliyewekwa upya kwenye mashine safi hakubali cheti cha seva. Wa zamani wote wanakubali. Nimeichungulia seva kutoka nje:

`openssl s_client -connect seva.example:8443 -servername seva.example -CAfile mzizi.pem </dev/null`

Juu kabisa limetoka kosa namba 20, `unable to get local issuer certificate`, na chini namba 21, `unable to verify the first certificate`. Kati yao kuna sehemu ya mnyororo, nayo inaonyesha mstari mmoja tu, ule wenye sifuri. Zikiambatana hivi, 20, 21 na mnyororo wa cheti kimoja, seva haitumi cheti cha kati, kile kinachosainiwa na mzizi (cheti cha juu kabisa cha mamlaka) na ambacho ndicho kinachosaini cha seva. Mteja ana mzizi mkononi na cheti cha seva mkononi, ila hana kinachowaunganisha.

Chanzo ni mstari mmoja. Msimbo uliita `SSL_CTX_use_certificate_file`, ambayo husoma cheti cha kwanza kwenye faili na kuyaacha mengine yote, hata kama umeyapanga vizuri. Inayotakiwa ni `SSL_CTX_use_certificate_chain_file`: cheti cha seva kwanza, kinafuata cha kati, na mzizi hauna haja ya kutumwa kwa sababu mteja anautegemea wa kwake. Mawakala wa zamani walinusurika kwa kuwa kuna mtu aliwawekea cheti cha kati kwenye faili lao la vyeti vinavyoaminika. Faili hilo limesafishwa.

Nikiwa humo ndani nimekuta jambo zito zaidi. Wakala alikuwa ameweka `SSL_VERIFY_PEER`, kwa hiyo kila mtu aliamini kuwa anaihakiki seva. Anahakiki mnyororo, ndiyo. Jina hahakiki. OpenSSL haijui unataka kuongea na nani mpaka uiambie kwa `SSL_set1_host`, na mstari huo haukuwepo; uliokuwepo ni `SSL_set_tlsext_host_name`, ambao unamtajia seva jina unalolitafuta ili ichague cheti cha kukuonyesha, basi. Maana yake ni kwamba wakala yeyote mwenye cheti kilichosainiwa na mamlaka yetu angeweza kujifanya seva na wenzake wakamkubali. Nimeongeza mstari, na nimeweka jaribio linalounganisha kwenye seva yenye cheti halali cha jina jingine: lazima lishindwe kwa namba 62, `hostname mismatch`. Lisiposhindwa, toleo halitoki.

Ijumaa

Fupi leo. Logi zimejaa `unexpected eof while reading`. Hii ni tofauti ya matoleo: mwenzako akikata muunganisho wa TCP bila kutuma ujumbe wa kufunga wa TLS, 1.1.1 ilirudisha `SSL_ERROR_SYSCALL` huku `errno` ikiwa sifuri, na msimbo wetu ulilichukulia hilo kuwa ni kuaga kwa kawaida. Toleo la 3 linarudisha `SSL_ERROR_SSL` na kusema wazi. Lipo chaguo la `SSL_OP_IGNORE_UNEXPECTED_EOF` la kulifumbia macho. Sijalitumia, kwa sababu itifaki yetu haisemi urefu wa ujumbe wa mwisho, na mtu aliye katikati anaweza kuukata. Mawakala wamefundishwa kuita `SSL_shutdown` kabla ya kuondoka.

Na swali la mwenzangu: kwa nini wakala mwenye cheti kilichokwisha muda anaandika "nimeunganishwa" kisha anakufa? Kwa TLS 1.3 wakala anamaliza upande wake wa makubaliano kabla seva haijakihakiki cheti chake. `SSL_connect` inarudi na mafanikio, na kukataliwa kunamfikia kwenye `SSL_read` ya kwanza. Ujumbe wa "nimeunganishwa" umehamishwa: unaandikwa baada ya seva kujibu kitu.

Jumatatu

Mwishoni mwa wiki seva ya majaribio iliachwa ikibadilisha vyeti kila saa kwa ishara ya `SIGHUP`, ambayo programu hutumiwa ili isome upya mafaili yake bila kuzimwa. Matokeo yalinichukua asubuhi nzima. Vyeti vinabadilika vizuri, lakini karibu kila vinapobadilika muunganisho mmoja uliokuwa hai unakatika. Mmoja tu. Wengine wote salama, na mara nyingine hakatiki yeyote. Logi ya anayekatika inasema:

`SSL_read: error:0480006C:PEM routines:get_name:no start line: ... Expecting: CERTIFICATE`

Soma tena mstari huo. `SSL_read` inapokea baiti kutoka kwenye soketi. Haina biashara yoyote na mafaili ya PEM. Dhana ya kwanza mezani ilikuwa kwamba kumbukumbu inachafuliwa mahali. Valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu, haikuona uchafu wowote, isipokuwa uvujaji mdogo niliouweka kando kwanza.

Kwenye toleo la 3, kila kosa la maktaba likizaliwa linapitia `ERR_set_error`. Nikaweka kituo hapo ndani ya gdb (kitatuzi), nikatuma `SIGHUP`, nikaomba rundo la miito. Kosa la PEM lilizaliwa kwenye funksheni yetu ya kupakia mnyororo, muda mrefu kabla ya `SSL_read` ya yule marehemu:

`while ((x = PEM_read_bio_X509(b, NULL, NULL, NULL)) != NULL)`
`    sk_X509_push(mnyororo, x);`
`BIO_free(b);`

Kitanzi hiki kinasoma vyeti mpaka viishe. Vikiisha, `PEM_read_bio_X509` inatafuta mstari wa `BEGIN` mwingine, inaukosa, inarudisha NULL, na inaacha kosa la `no start line` kwenye foleni ya makosa. Kwetu huo ndio mwisho wa faili, hali njema kabisa. Kwa maktaba ni kosa, na limebaki kwenye foleni.

Foleni hiyo ni moja kwa kila uzi (thread) wa programu, si moja kwa kila muunganisho, na sisi tunapakia vyeti kwenye uzi uleule unaozungusha kitanzi cha matukio. Sasa fuata: vyeti vimeshapakiwa, kitanzi kinaendelea, muunganisho fulani unaita `SSL_read` na data haijafika. Inarudi -1. Tunauliza `SSL_get_error`, nayo ilipaswa kujibu `SSL_ERROR_WANT_READ`, yaani subiri kidogo. Lakini `SSL_get_error` kabla ya yote inachungulia foleni. Ikikuta kitu, inajibu `SSL_ERROR_SSL`. Msimbo wetu unaona kosa kubwa, unachapa kila kilichomo kwenye foleni na kumfungia mlango mtu asiye na hatia. Kule kuchapa kwa `ERR_get_error` ndiko kunakoisafisha foleni, na ndiyo sababu wa pili hakatiki. Aliyekuwa na data tayari naye hadhuriki, kwa kuwa jibu likiwa zaidi ya sifuri foleni haitazamwi. Na mara zile ambazo hakatiki yeyote, kuna wakala mpya aliyeingia katikati: hatua ya makubaliano ya mwanzo inasafisha foleni yenyewe inapoanza.

Zamani vyeti vilibadilishwa kwa kuizima seva na kuiwasha, kwa hiyo kasoro hii ililala tu, hata 1.1.1 ingeionyesha. Marekebisho yako mahali pawili. Kitanzi kikiisha tunatazama `ERR_peek_last_error`: kama maktaba ni `ERR_LIB_PEM` na sababu ni `PEM_R_NO_START_LINE`, na tulishasoma walau cheti kimoja, tunasafisha kwa `ERR_clear_error`, la sivyo faili ni bovu na vyeti vipya havipokelewi. Kisha kabla ya kila `SSL_read`, `SSL_write` na `SSL_shutdown` tunaita `ERR_clear_error`, kama mwongozo wa `SSL_get_error` unavyotaka: foleni ya uzi iwe tupu kabla ya operesheni. Ningefanya la pili hata kama la kwanza lingetosha, maana kesho mtu ataongeza maktaba nyingine inayotumia OpenSSL kwenye uzi huohuo.

Jumatano

Kubadilisha vyeti kwenyewe. Toleo la awali lilikuwa linaandika cheti kipya juu ya `SSL_CTX` iliyo kazini, yaani kifurushi cha mipangilio ambacho miunganisho yote hutokana nacho. Cheti kikiingia na ufunguo ukashindikana kusomeka, unabaki na nusu kwa nusu. Sasa tunajenga `SSL_CTX` mpya pembeni: cheti, mnyororo, ufunguo, vyeti vinavyoaminika, halafu `SSL_CTX_check_private_key`. Kikishindwa chochote tunaitupa na ya zamani inaendelea kama kawaida. Vyote vikipita, tunabadilisha pointa na kuita `SSL_CTX_free` kwa ya zamani. Miunganisho iliyo hai haitikisiki, kwa kuwa kila `SSL` inashikilia rejeleo lake. Kumbukumbu inaachiwa wa mwisho akiondoka.

Uvujaji ule wa Valgrind: msimbo uliita `SSL_get_peer_certificate` kwa kila anayeingia na haukuita `X509_free`. Kwenye 3.0 funksheni hiyo inaitwa `SSL_get1_peer_certificate`, na hiyo 1 kwenye jina ndiyo inayokuambia kuwa umepewa rejeleo lako mwenyewe na ni juu yako kuliachia. Ipo ya `get0` ya kuangalia tu, nasi tunaangalia tu. Kinyume chake ni `SSL_CTX_add_extra_chain_cert`, ambayo inachukua cheti chako moja kwa moja. Ukikiachia wewe, kitaachiwa mara mbili.

Mawakala wanaorudi na tiketi ya kikao (inayowawezesha kuendeleza kikao cha awali bila makubaliano kamili) walikuwa wanakataliwa kwa `session id context uninitialized`. Hutokea seva inapodai cheti cha mteja na haijaitwa `SSL_CTX_set_session_id_context`. Imeitwa. Faida ambayo sikuiomba: `SSL_CTX` mpya inakuja na funguo mpya za tiketi, hivyo tiketi za zamani hazisomeki na kila wakala anahakikiwa upya baada ya mabadiliko.

Ijumaa

Uangalizi wa muda. Hati ya kila siku inaendesha `openssl x509 -checkend 1209600 -noout` kwa kila cheti. Ikirudisha 1, kimebakiwa na chini ya siku 14. Amri hiyo inasoma cheti cha kwanza tu kwenye faili, kwa hiyo mnyororo unakatwakatwa kwanza. Si anasa: mzizi wa AddTrust uliisha tarehe 30 Mei 2020, na DST Root CA X3 tarehe 30 Septemba 2021, na safari zote mbili waliokwama walikuwa na vyeti vyao vya seva vilivyo hai kabisa. Pia tunalinganisha alama ya SHA-256 ya cheti kilicho kwenye faili na kile ambacho seva inakitoa kupitia `s_client`, maana faili jipya kwenye diski halithibitishi kuwa seva imelisoma.

Vyeti vya mawakala ni vya mamlaka yetu ya ndani, muda tunapanga sisi. Ukurasa wa usimamizi una cheti cha mamlaka ya umma, na huko kikomo kinapungua: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kwa hiyo ukurasa huo nao umeingizwa kwenye utaratibu wa `SIGHUP`, hakuna atakayebadilisha kwa mkono.

Kilichobaki ni orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. `X509_V_FLAG_CRL_CHECK` bado imezimwa kwa makusudi. Ikiwashwa na orodha haipo, kila wakala anakataliwa kwa namba 3. Orodha ikipita tarehe yake ya sasisho lijalo, kila wakala anakataliwa kwa namba 12, hata wale wasio na kosa. Kabla ya kuiwasha nataka orodha itolewe kila siku na iwe na uhai wa siku 7, na hati ya uangalizi iisome tarehe hiyo kama inavyosoma ya vyeti. Sehemu ya kutoa orodha imeandikwa; ya kuisambaza kwenye seva ya pili bado.